SIKU ZA MWISHO ZA REDIO YA LOURENÇO MARQUES



Mwanafunzi akiulizwa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipiganwa wapi, atataja Cabo Delgado, Niassa na Tete, naye atapata alama zake. Lakini vita hivyo vilipiganwa hewani pia, na sisi tuliosoma hapa wakati ule tulivisikia. Usiku, Redio Tanzania Dar es Salaam iliwapa nafasi ndugu zetu wa FRELIMO kusema na watu wao. Kireno hatukukijua, ila tulijua kwamba ng'ambo ya Ruvuma kuna mtu anasikiliza kwa siri, sauti ameipunguza, mlango ameufunga.

Stesheni ya upande wa pili tuliisikia kwa jina tu. Nataka kueleza jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyonyamaza.

Chanzo chake

Ilianzishwa na wapenzi wa redio wa mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Matangazo ya kwanza yalirushwa tarehe 18 Machi 1933. Baadaye ikaitwa Rádio Clube de Moçambique. Ilikuwa klabu ya wanachama, na iliishi kwa matangazo ya biashara.

Wateja wenye fedha walikuwa ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 ikafunguliwa idhaa ya Kiingereza, na kuanzia 1947 ikaimarishwa sana kibiashara. Hiyo ndiyo iliyojulikana kama LM Radio. Huko Afrika Kusini shirika la serikali, SABC, lilitazama muziki wa vijana kwa jicho baya. Mwaka 1966, kwa sababu ya maneno ya John Lennon, lilipiga marufuku nyimbo za Beatles. Vijana wa Johannesburg walioutaka muziki mpya wakazoea kuitafuta LM. Ajabu ni kwamba mwaka 1972 uendeshaji wa idhaa hiyo ulikabidhiwa SABC yenyewe.

Na wenyeji wa mji je? Mwaka 1958 Waafrika walipewa kipindi chao, Hora Nativa, yaani Saa ya Wenyeji, kwa Kironga na Kichangana. Mwaka 1962 kikageuzwa kuwa Voz de Moçambique, na vita vilipoanza mwaka 1964 wakoloni wakakitumia kuwavuta watu waikatae FRELIMO. Mtu wa Mafalala aliweza kupita mbele ya jumba la redio kila siku akienda kazini. Redio ilikuwa mjini kwake, lakini haikuwa yake.

Siku nne za Septemba

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliiangusha serikali ya Lisbon. Tarehe 7 Septemba, Ureno na FRELIMO walitia sahihi mapatano ya Lusaka, na njia ya uhuru ikawa wazi. Siku hiyo hiyo walowezi wasiokubali wakaivamia Rádio Clube. Hawakwenda kwanza bandarini wala benki. Walikwenda kwenye maikrofoni, kwa kuwa walijua anayeishika ndiye atakayesikika kuwa mwenye nchi. Kwa siku nne walitangaza wakiwaita wenzao wasimame nao, na damu nyingi ilimwagika vitongojini.

Tarehe 10 Septemba uasi ukazimwa, na kutoka redio ile ile likasomwa neno la ishara kwa Kireno lenye maana hii: jogoo, jogoo, kumekucha.

Kunyamaza

Serikali ya mpito chini ya Ndugu Joaquim Chissano iliapishwa tarehe 20 Septemba 1974, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Muziki wa LM Radio ulikuwa ungali ukienda Afrika Kusini, lakini siku zake zilikuwa zikihesabika. Tarehe 2 Oktoba 1975 serikali iliunganisha Rádio Clube na stesheni nyingine, ikaunda Rádio Moçambique, mali ya taifa. Tarehe 12 Oktoba idhaa ya Kiingereza ikanyamaza. Kesho yake SABC ikaanzisha Radio 5 kwa ajili ya wasikilizaji wale wale. Jina la stesheni lilitangulia kutoweka. La mji lenyewe lilibadilishwa Februari 1976.

Wako wazee Afrika Kusini ambao hadi leo wanaisimulia siku ile kama msiba. Tusiwacheke. Ujana wa mtu hukaa ndani ya nyimbo zake. Lakini kwa mtu wa Mafalala siku hizo hizo ndizo redio ilipoanza kuwa yake. Toka 1976 sauti ya wapigania uhuru wa Zimbabwe wa ZANU nayo ikawa inatoka Maputo, kama ya FRELIMO ilivyokuwa ikitoka Dar es Salaam.

Haki inataka niseme na jambo la pili. Redio ilitoka mikononi mwa wafanyabiashara, ikaingia mikononi mwa chama kimoja. Mlango wa stesheni nyingine haukufunguliwa mpaka ilipotungwa sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 1991. Mwenye redio akibadilika, anayesemeshwa huenda akabadilika. Lakini kusikilizwa naye ni jambo jingine, na huja baadaye.

Kwa hiyo, vijana, mnapoisoma historia ya chombo chochote cha habari, msitosheke na tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa. Ulizeni nani alikilipia, na kilisema na nani. LM Radio ilipendwa mno na watu waliokuwa mbali, ikawa ngeni kwa majirani zake. Ndiyo maana iliponyamaza mji wake haukulia.

Nanyi wenzangu, tunapungua kila mwaka. Aliyesikiliza matangazo ya ukombozi kutoka Dar es Salaam, au aliyewajua vijana wa FRELIMO waliokuwa Nachingwea na Bagamoyo, aandike ukurasa mmoja tu ampelekee mhariri kabla ya mkutano wetu ujao. Sauti ikisharushwa hewani hairudi, isipokuwa kuna aliyeitunza.