Memantini, Mkanda wa Jeshi na Wazee wa Uluguru

Mjadala wa kuwafikishia wazee wa Tanzania dawa za dimenshia huishia kwenye bei na upatikanaji. Hoja hiyo ni ya haki: utafiti wa wilaya ya Hai uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa huo. Ninachopinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba dawa iliyoonekana salama kwa wazee wa Ulaya itakuwa salama vivyo hivyo Mgeta au Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Kwa memantini, mojawapo ya dawa hizo, dhana hiyo haijathibitishwa.

Memantini ni ndugu wa amantadini, dawa iliyoidhinishwa Marekani 1966 kwa ajili ya mafua ya aina A. Udugu huo hauifanyi memantini kuwa kinga dhidi ya virusi. Amantadini ilifanya kazi kwa kuziba mfereji wa M2 ulio kwenye kirusi chenyewe, na kufikia 2006 usugu ulikuwa umeenea kiasi kwamba Marekani iliacha kuipendekeza kwa mafua.

Ushahidi mzito wa shaka yangu uko kwingine. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba memantini huziba mifereji ya potasiamu iitwayo Kv1.3 katika chembe T, askari wa kinga ya mwili. Katika damu ya wagonjwa wa Alzheimer waliokuwa wakitumia dozi ya kawaida, chembe T za aina ya CD4 zilipunguza uwezo wa kuzaliana kwa muda mrefu, na zile zenye alama ya CD45RO, zinazotunza kumbukumbu ya maambukizi ya zamani, zilipungua sana. Ni kweli kwamba uwezo huo ulipimwa dhidi ya chembe za mtu mwingine, si dhidi ya kirusi. Hata hivyo, zilizopungua ni miongoni mwa chembe zinazovidhibiti virusi vilivyolala mwilini, na hapo ndipo Uluguru inapotofautiana na Ujerumani. Barani Afrika karibu kila mtu huambukizwa saitomegalovirusi akiwa mtoto, na tangu matibabu ya VVU yaanze kuenea nchini 2004, wapo wanaozeeka wakiwa na virusi hivyo. Mzee wa hapa ana virusi vingi zaidi vya kuzuia, kwa hiyo upungufu uleule wa chembe waweza kumgharimu zaidi.

Nitajibiwa kwa jaribio la Marekani lililochapishwa 2007, ambamo memantini ilitolewa kwa watu wenye VVU na haikuleta madhara makubwa. Lakini lilihusu watu 140, kwa miezi michache, na swali lake lilikuwa utambuzi wa akili. Haliwezi kubeba uzito wa kuthibitisha usalama.

Kipimo cha hatari hiyo kinachotufaa hakihitaji maabara: ni mkanda wa jeshi. Tabibu wa zahanati huutambua kwa macho, na huzuka pale chembe T zinaposhindwa kukilaza kirusi cha tetekuwanga. Dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee, muda ambao mzee asiyeweza kueleza maumivu yake, aliye juu ya kijiji cha Bunduki na anayepaswa kushushwa mlimani, anaweza kuupoteza wote. Wajukuu anaolala nao wanaweza kuambukizwa tetekuwanga. Na kuna la kutisha zaidi: huko Wales, utafiti wa 2025 ulikuta kwamba chanjo ya mkanda wa jeshi ilipunguza utambuzi mpya wa dimenshia kwa takriban moja ya tano katika miaka 7. Ikiwa kirusi hiki kina mkono katika ugonjwa wenyewe, basi dawa inayokilegezea kamba huenda inabomoa upande mmoja inachojenga upande wa pili. Hilo bado ni dhana, lakini linapimika.

Anayetumia memantini leo asiiache kwa sababu ya makala hii. Ombi langu ni kwa wanaopanga kuisambaza: kabla ya dozi ya kwanza, mzee apimwe VVU kwa ridhaa yake au ya familia, na kila mkanda wa jeshi utakaozuka baadaye uandikwe kwenye rejista ya zahanati pamoja na jina la dawa anayotumia.