Nani Aliiua Most Wanted Yetu?

Wadau, kama ulikulia Kerege au popote njia ya Bagamoyo, ile BMW ya michoro ya buluu unaijua. Most Wanted ya 2005, PS2, kibanda cha gemu, madogo wamejaa mlangoni. Polisi wanakufukuza, unakaribia kuchomoka, mwenye kibanda anasema muda umeisha. Mateso!

Leo tupige stori ya waliotengeneza gemu ile, maana studio yao haipo tena.

Iliitwa Black Box, ilianzishwa 1998 Vancouver, Kanada. Mwaka 2002 ikanunuliwa na EA, hao hao wa gemu za mpira. Tuwe wakweli, mwanzo ndoa ilikuwa tamu. Ikatoka Underground 2003, Underground 2 mwaka uliofuata, kisha Most Wanted yenyewe.

Ila tajiri akinunua ng'ombe wa maziwa, atamkamua kila siku. 2006 Carbon, 2007 ProStreet, 2008 Undercover. Ladha ikaanza kupotea. Mwaka 2012 ikatoka Most Wanted nyingine, jina lile lile, lakini mafundi ni wengine kabisa: Criterion ya Uingereza, ambayo EA iliinunua 2004. Mwaka 2013 Black Box ikafungwa. Jina likabaki kwa tajiri, mafundi wakaenda na njia.

Na sio EA tu. Microsoft ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69. Januari 2024 ikatangaza kupunguza watu 1,900 kwenye upande wa gemu. Miezi mitatu tu!

Sasa mnunuzi naye kapata mnunuzi. Septemba 2025 EA ilitangaza dili la kuuzwa kwa mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia na wenzake, dola bilioni 55, na bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Mkopo lazima ulipwe. Na gemu ya mpira inayojaza vibanda vyetu ni ya EA. Kwa hiyo bili ikija, itapita kwa nani kama sio kwa mafundi na sisi wachezaji?

Mwaka 2021 EA iliacha kuuza Carbon, Undercover na nyingine kadhaa mtandaoni. Ila diski yenye mikwaruzo pale kibandani haimuombi mtu ruhusa. Ukiwa nayo, itunze.

Wewe uliishia namba ngapi kwenye Blacklist? Dondosha komenti, usidanganye.