Kutoka chungu cha China hadi mashine inayopima kiu ya udongo

Siku hizi tunasikia habari za mashine za kumwagilia zinazojua zenyewe shamba linapokuwa na kiu. Ni kweli zipo. Lakini akili iliyo ndani yake ni ya zamani sana, nayo ilikuwa tayari kwenye chungu cha udongo.

Zaidi ya miaka 2000 iliyopita, huko China, mwandishi wa kilimo Fan Shengzhi alieleza namna ya kulima matikiti penye maji machache. Unazika chungu hadi mdomo ulingane na ardhi, unajaza maji, unafunika, kisha unapanda mbegu nne kukizunguka. Chungu kisichopakwa kitu hutoa jasho. Udongo ukikauka huvuta maji, ukilowa huacha. Hakuna anayefungua wala kufunga.

Hatua nyingine ilipigwa Israeli. Katika miaka ya 1930, mhandisi Simcha Blass aliona mti uliostawi pakavu kwa sababu bomba lilivuja tone kwa tone kwenye mizizi yake. Plastiki ilipoenea, yeye na mwanawe walitengeneza kifaa cha kudondosha maji. Mwaka 1965 waliungana na kijiji cha ushirika cha Hatzerim, katika jangwa la Negev, wakaanzisha kampuni ya Netafim. Shirika la FAO hukadiria kwamba katika lita 100 zinazoingia shambani, mifereji hufikishia mimea lita 60 hivi. Matone hufikisha 90.

Karne hiyo hiyo ilileta tensiomita: mrija wenye maji, na kwenye ncha yake kikombe kidogo cha udongo wa kuchomwa. Udongo mkavu ukivuta maji, mshale husogea, na mtambo wa umeme unaweza kufungua bomba. Ni chungu kile kile, kimeongezewa mshale.

Hapa kwetu, bonde la Ruzizi hukauka vikali wakati wa kiangazi. Mama aliyekimbia vita, anayebeba bidoni ya lita 20 kutoka mbali, hana maji ya kuachia jua. Mashine inataka pesa na umeme, lakini chungu wafinyanzi wetu wanakichoma. Kijaze maji kwanza: kikiloana nje, kinafaa. Kizike, panda lengalenga au nyanya kukizunguka, kifunike ili mbu wasizaliane. Maji kidogo yakifika kwenye mzizi, watoto watapata mboga kabla mvua hazijarudi.