Anayejibu Kitu Kinapovunjika

Mto Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa kati ya Manda na Lituhi, na kabla ya kufika huko hupita katika mawe yenye umri wa miaka takriban milioni 245. Mwaka 1933, Mwingereza Francis Rex Parrington alikusanya katika bonde hilo mifupa ya mnyama ambaye elimu ya wakati ule haikumjua. Mifupa ikaenda Uingereza. Alan Charig aliichunguza katika tasnifu yake ya miaka ya 1950, lakini jina la Teleocrater rhadinus halikuchapishwa rasmi hadi mwaka 2017, baada ya wataalamu kurudi Ruhuhu mwaka 2015 na kupata mifupa mingine ya mnyama yule yule. Kwa hiyo mnyama mmoja sasa ana wenyewe wawili. Mifupa ya mwaka 1933 ina namba za Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Ile ya mwaka 2015 ina namba za Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, na namba hizo hazibadiliki hata ikisafirishwa Marekani kusafishwa na kuchunguzwa.

Namba hizo zina uzito siku ya ajali. Mfupa wenye namba ya Dar es Salaam ukipasuka ugenini, kuna ofisi ya kupelekewa habari, na aliyeuazima ana la kueleza. Mfupa wa London ukipasuka London, jumba linajiandikia taarifa lenyewe na kuiweka kabatini mwake. Mifupa si michoro wala sanamu, lakini hupita katika mikono ile ile ya makumbusho. Inatupa swali linaloihusu kazi yoyote ya sanaa iliyo mbali na kwao: ikiharibika bila mtu kukusudia, nani anamjibu nani? Naamini kuazima ni kukiri kwamba kitu kina mwenyewe, na kwamba ukweli wa kukiri huko hupimwa siku kitu kinapovunjika.

Watu wa Mbinga na wa mwambao wa ziwa hawalisikii swali hili kwa mara ya kwanza. Wavuvi huazimana mitumbwi na nyavu, na vikundi vya ngoma huazimana vifaa. Aidha, dini zilizokuja huku zimekuja na hukumu zake. Wakatoliki wa Mbinga na Waanglikana wa Liuli wanasoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, sheria ya mtu aliyeazima mnyama wa jirani yake. Mnyama akiumia au akifa, mwenyewe akiwa hayupo, aliyeazima atalipa. Mwenyewe akiwapo, hatalipa. Sheria hiyo haianzi kwa kuuliza kama mwazimaji alizembea. Inauliza mwenyewe alikuwa wapi. Aliyekuwapo ameona kwa macho yake jinsi mnyama alivyotumiwa, na angeweza kukataza. Asiyekuwapo hana kinga nyingine ila dhamana ya aliyechukua.

Sheria ya Kiislamu imelipitia jambo hilo hilo kwa undani zaidi. Kabla ya vita vya Hunayn, Mtume Muhammad aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Safwan alitaka kujua kama ananyang'anywa, akaambiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wanaitegemea habari hiyo: aliyeazima anawajibika kitu kikiharibika hata kama hakuzembea, isipokuwa uharibifu uliotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Wanazuoni wa Hanafi wanaona azima ni amana, kwa hiyo mwazimaji halipi mpaka ithibitike kuwa amevuka mpaka au amepuuza. Wanatofautiana juu ya malipo, lakini hawatofautiani juu ya mwenyewe. Hata Safwan, aliyekuwa upande ulioshindwa Makka ilipotekwa, haki yake juu ya mali yake ilitamkwa waziwazi kabla deraya hazijatoka nyumbani kwake.

Makumbusho ya leo yana njia yao ya kutamka. Kabla kazi ya sanaa haijafungwa sandukuni, huandikwa ripoti ya hali yake, na kila mkwaruzo na ufa uliopo hupigwa picha. Bima huanza kufanya kazi kitu kinapoondolewa ukutani kwao na huisha kinaporudishwa pale pale. Mara nyingi mtumishi wa jumba lililoazimisha husafiri pamoja na sanduku na kusimama pale linapofunguliwa. Huyo ndiye mwenyewe aliyepo, yule wa kitabu cha Kutoka. Mwezi Agosti 2015, katika maonyesho mjini Taipei, mvulana wa miaka 12 alijikwaa, akaegemea mchoro wa maua wa karne ya 17 ulionasibishwa na Paolo Porpora, na turubai likatoboka. Mchoro ulikuwa umetoka Italia kwa azima. Waandaaji hawakuidai familia ya mtoto, kwa kuwa bima ilikuwapo, na mafundi wakaanza kuutengeneza. Kila mtu alijua wa kumpa taarifa.

Misri ilikwenda mbali zaidi. Hazina ya kaburi la Tutankhamun ilipopata madhara katika ziara ya Ujerumani Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilizuia hazina hiyo kusafiri, na haikuonyeshwa tena nje hadi mwaka 2004, huko Basel. Bima hulipa gharama ya kutengeneza. Kukataza safari inayofuata ni mamlaka ya mwenyewe peke yake.

Ng'ambo ya ziwa, Malawi, kuna mapokeo yanayotuzuia kudhani kwamba kila sanaa inataka kudumu. Katika ngoma ya Gule Wamkulu ya Wachewa, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, wanachama wa chama cha Nyau husuka maumbo makubwa ya wanyama, hucheza nayo katika shughuli za maziko, kisha huyachoma. Umbo likiwaka moto kwa mikono ya waliolisuka, hakuna kilichoharibika. Likibaki zima katika kabati la kioo, hapo ndipo kitu kimekatizwa. Kwa hiyo hata maana ya madhara haiwezi kuamuliwa na anayetunza peke yake. Sharti aulizwe aliyetengeneza.

Tukivitazama kwa mizani hii vitu vilivyotoka Ruvuma wakati wa Wajerumani, tunaona pengo kubwa. Katika Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin kuna silaha na vifaa vilivyochukuliwa katika vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Havikuazimwa. Hakuna aliyeandika hali yake vilipotoka, na hakuna Mngoni wala Mmatengo aliyekuwa na haki ya kupewa habari. Makumbusho mengi ya Ulaya yalinyunyizia mikusanyo ya namna hii aseniki, na baadaye DDT, ili wadudu wasile mbao, ngozi na manyoya. Nia ilikuwa kuhifadhi. Matokeo ni kwamba vitu vingi leo havishikiki bila glavu na barakoa, na havifai kurudi katika mikono ya watu wala kutumika tena katika ibada. Hayo ni madhara yasiyokusudiwa, makubwa kuliko tundu la Taipei, na yalidumu miongo mingi bila kuitwa ajali. Palipokosekana mwenyewe wa kulalamika, sumu iliandikwa kuwa ni matunzo.

Ndiyo maana naiangalia kwa hadhari njia inayopendwa sasa na makumbusho ya Uingereza. Mwezi Juni 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, vingi vikiwa vimekusanywa na mmisionari John Roscoe. Vilikwenda kwa azima ya miaka mitatu inayoweza kuongezwa. Mwaka huo huo, dhahabu ya Waasante ilifika Kumasi kutoka London kwa utaratibu wa namna hiyo. Nafurahi kwamba vijana wa Kampala wanaviona. Lakini chungu cha Kiganda kikipata ufa Kampala, anayepaswa kujieleza ni Mganda, na anayeelezwa ni Cambridge. Mwaka 1962, Cambridge hiyo hiyo ilirudisha masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, moja kwa moja. Tendo la mwaka 1962 lilisema mwenyewe ni nani. Mkataba wa mwaka 2024 unamfanya mwenyewe kuwa mwazimaji.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita hivyo. Mazungumzo kuhusu vitu vilivyoko Berlin yataendelea, na hati zitaletwa ili zitiwe saini. Wanaotuwakilisha wasikubali kuandikwa kuwa waazimaji wa mali ya babu zetu. Iwapo vitu vitabaki Berlin kwa muda zaidi, basi Berlin ndiyo iandikwe kuwa mwazimaji, kwa namba za Tanzania, kama ilivyo mifupa ya Ruhuhu ya mwaka 2015. Na ripoti ya hali isianzie siku vitu vitakapofungwa sandukuni kurudi. Ianzie siku vilipotoka, itaje kila dawa iliyonyunyiziwa na kila kipande kilichopotea, isomwe Songea, Mbinga na Mbamba Bay kwa lugha tunayoielewa. Sheria ya Shafi na sheria ya kitabu cha Kutoka zinakubaliana hapa: mwenyewe asipokuwapo, mzigo wa kueleza na kulipa ni wa aliyechukua. Wenyewe hawakuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja.