Punguzo la ushuru wa sola Marekani: kutoka toleo la 1978 hadi la 2025

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, ingawa si mbali sana. Sheria ya ushuru inafanana na programu: ina masharti, ina kikomo, ina tarehe ya kuisha, na kila baada ya miaka michache wanaingia watu wapya kuandika upya kazi ya wenzao. Mfano mzuri ni punguzo ambalo Marekani iliwapa wenye nyumba waliofunga sola.

Kwanza tuelewane: halikuwa punguzo la bei dukani. Mtu alilipia mtambo, akajaza fomu 5695 wakati wa kuwasilisha hesabu zake za mwaka, kisha kiasi fulani kikakatwa kwenye ushuru wa mapato aliodaiwa.

Toleo la kwanza lilitiwa saini na Rais Jimmy Carter Novemba 1978, wakati mafuta yalikuwa yanawaumiza Wamarekani. Lilitoa 30% ya dola 2,000 za kwanza na 20% ya dola 8,000 zilizofuata. Mwaka 1980 likaongezwa: 40% ya dola 10,000 za kwanza, yaani hadi dola 4,000. Enzi hizo wengi walifunga mitambo ya kupasha maji moto, si ya stima. Carter mwenyewe aliweka paneli 32 za aina hiyo juu ya paa la White House mwaka 1979.

Mwisho wa 1985 muda uliisha na hakuna aliyeuongeza. Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaanguka, na paneli za Carter zikateremshwa paa lilipokarabatiwa. Hazikurudishwa. Kampuni nyingi za sola zilifunga milango, na wenye nyumba wakakaa miaka 20 bila punguzo la serikali kuu.

Toleo la pili ni la George W. Bush, mwaka 2005: 30%, lakini kikomo dola 2,000. Oktoba 2008, ndani ya sheria ya kuokoa mabenki, kikomo hicho kikaondolewa kuanzia 2009. Hebu piga hesabu ya mtambo wa dola 20,000. Uliokamilika Desemba 2008 ulipata dola 2,000. Uliokamilika Januari 2009 ulipata dola 6,000. Mtambo ni ule ule, paa ni lile lile!

Baada ya hapo ni viraka tu. Mwaka 2015 muda ulisogezwa, asilimia zikishuka polepole: 26% mwaka 2020, kisha 22%. Mwaka 2020 ukasogezwa tena. Mwaka 2022 sheria ya Joe Biden ikairudisha 30% hadi 2032. Halafu tarehe 4 Julai 2025 Donald Trump akatia saini sheria iliyolifuta punguzo kwa mitambo itakayokamilika baada ya 31 Desemba 2025. Aliyepanga kufunga 2028 aliachwa kwenye mataa.

Lakini hitilafu kubwa kwangu si tarehe. Toleo la 2005 halikurudisha pesa taslimu. Ukidaiwa ushuru wa dola 1,500, ulikatiwa dola 1,500, na salio likasubiri mwaka uliofuata. Usiyedaiwa kitu hukupata kitu. Kwa hiyo mwenye kipato kikubwa alifaidi haraka, na mzee wa pensheni ndogo akatazama tu.

Hapa Kenya tumezoea njia nyingine, ya kuondoa VAT kwenye vifaa vya sola. Hiyo inamgusa hata mama mboga asiyejaza fomu yoyote, mradi muuzaji ashushe bei. Nayo ina tarehe zake: msamaha uliondolewa 2020, ukarudishwa 2021.

Ukitaka kujua sola ya nyumbani itaenda wapi, usiangalie jua pekee. Soma pia sheria, na hasa ile mistari ya tarehe iliyo mwishoni.