Noti Haihitaji Saa

Habari za safari na ajali za baharini zikiandikwa kwa Kiswahili, mara kwa mara huingia sentensi ya namna hii: meli ilikuwa ikienda noti 20 kwa saa. Msomaji wa kawaida hupita bila kushtuka. Baharia hushtuka, maana saa imehesabiwa mara mbili. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, kwa hiyo aliyesema noti 20 ameshaitaja saa. Akiongeza “kwa saa” hazungumzii mwendo tena, bali namna mwendo unavyozidi: meli ingeanza na sifuri, ingefika noti 20 baada ya saa moja, 40 baada ya saa mbili, na baada ya siku nzima ingekuwa na noti 480, sambamba na ndege kubwa ya abiria iliyo angani.

Kosa hili lina sababu yake. Vipimo vingi vya mwendo hujieleza vyenyewe: kilomita kwa saa, mita kwa sekunde. Umbali upo, muda upo, na “kwa” iko katikati. Anayetaka kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine hana haja ya kukariri chochote. Hubadilisha umbali, kisha hubadilisha muda. Mita 1 kwa sekunde ni mita 3,600 kwa saa, kwa kuwa saa ina sekunde 3,600; mita 3,600 ni kilomita 3.6. Kazi imekwisha. Noti haimpi mtu nafasi hiyo, kwa sababu imemeza umbali na muda katika neno moja.

Neno lenyewe limetoka kwenye kamba. Zamani mabaharia walipima mwendo kwa chombo ambacho kamusi za kale za Kiswahili zinakiita batli, na kazi yake ikiitwa kutupa batli. Kilikuwa kipande cha ubao kilichotiwa risasi upande mmoja ili kisimame wima majini, kikafungwa kwenye kamba ndefu yenye mafundo. Ubao ulitupwa nyuma ya meli, ukatulia pale ulipoangukia huku meli ikiendelea na safari, na kamba ikawa inapita mikononi mwa baharia. Mwenzake alishika chupa ya mchanga. Mchanga ukiisha, kamba hukamatwa na mafundo yaliyopita huhesabiwa. Mafundo matano, basi meli inakwenda noti tano.

Hesabu ilikuwa imefanywa mapema, ndani ya kamba. Kwa chupa ya sekunde 28, mafundo yaliachana futi 47 na inchi 3, yaani karibu mita 14.4. Gawanya 14.4 kwa 28, zidisha kwa 3.6, upate kilomita 1.85 kwa saa. Mwanamaji asiyejua kugawanya aliweza kusoma mwendo wa meli bila kalamu, na ndiyo maana hakuwa na haja ya kutamka “kwa saa”.

Kiswahili kimepokea neno hili kwa njia mbili. Wengine huandika fundo, wengine noti. Fundo linabeba historia yote ya kamba na lingefaa sana darasani. Noti ina kasoro ya kugongana na noti ya benki, lakini ndiyo iliyoshika, na haielekei kuachia. Kwa gazeti linalosomwa na watu wa bara na wa pwani, tafsiri iliyo wazi zaidi bado ni ile ndefu: maili za bahari kwa saa. Ni ndefu, ndiyo, ila haifichi kitu.

Na maili hiyo si ile ya barabarani. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609. Maili ya bahari imechukuliwa kwenye umbo la dunia: mzunguko wa dunia una nyuzi 360, kila uzi una dakika 60, na dakika moja ya latitudo ndiyo maili moja. Kwa kuwa mzunguko huo ni kama kilomita 40,000, kuugawa kwa dakika 21,600 kunaleta kilomita 1.85. Mkutano wa kimataifa wa wapima bahari uliofanyika Monaco mwaka 1929 ulikata shauri: mita 1,852 kamili. Marekani ilikubali mwaka 1954, Uingereza mwaka 1970. Faida ya kipimo hiki huonekana mezani kwenye ramani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6 na dakika 49 kusini ya Ikweta, yaani dakika 409. Basi latitudo yake iko maili 409 za bahari kutoka Ikweta, bila kikokotoo.

Toka Dar es Salaam hadi Unguja ni takriban maili 40 za bahari. Boti inayotumia saa mbili inakwenda noti 20. Zidisha kwa 1.852: kilomita 37 kwa saa, mwendo ambao daladala kwenye barabara tupu ingeuonea haya. Asiye na kikokotoo azidishe mara mbili kisha atoe sehemu moja ya kumi. Atapata 36, na kwa mazungumzo ya gatini inatosha.

Kwa hali ya hewa haitoshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huwatahadharisha watumiaji wa bahari kwa kilomita: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita mbili. Kwa nahodha ambaye vyombo vyake vinasoma noti, hiyo ni noti 21.6. Akiisikia 40 akaidhania noti, atawaza kilomita 74 kwa saa, upepo wa daraja la 8 katika kipimo cha Beaufort, na atabaki bandarini bure. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi. Taarifa za viwanja vya ndege sehemu nyingi duniani hutoa upepo kwa noti, zikiandika KT baada ya tarakimu. Urusi na China huandika MPS, mita kwa sekunde. Upepo wa 10 MPS ni noti 19.4. Rubani anayeruka herufi hizo ataona nusu tu ya upepo unaomsubiri.

Barabarani mtego ni wa maili. Gari lililotoka Uingereza lina dashibodi ya maili kwa saa, na kilomita huandikwa kwa tarakimu ndogo chini yake. Kibao cha mjini kinasema 50, dereva anautuliza mshale kwenye 50 kubwa, na tochi ya trafiki inasoma 80.

Wanariadha nao wameipindua sehemu nzima juu chini. Hawasemi kilomita kwa saa, wanasema dakika kwa kilomita. Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, kila kilomita ilimchukua wastani wa dakika 2 na sekunde 51, ambayo ni kilomita 21 kwa saa, au noti 11 na ushei. Hapa namba ikipanda mwendo unashuka, tena haushuki kwa hatua sawa: kutoka dakika 4 hadi 5 mkimbiaji anapoteza kilomita 3 kwa saa, kutoka 5 hadi 6 anapoteza 2 tu. Ila kipimo hiki kina uzuri wake. Anayekwenda kilomita 5 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa na kurudi kwa 15 hana wastani wa 12.5, ingawa wanafunzi wengi ndivyo wanavyojibu. Aandike dakika 6 kwa kilomita kwenda na 4 kurudi: wastani ni 5, yaani kilomita 12 kwa saa, na jibu ni sahihi.