Marufuku ya 1974 na Nafasi Tupu Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Vijana wa vyuo vikuu wanapolisikia jambo hili darasani hucheka, kana kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kuogopa mashine. Kicheko hicho hakiwatendei haki waliofanya uamuzi ule, na kibaya zaidi, kinatunyima funzo tunalolihitaji leo.

Tuanze na mashine yenyewe ilivyokuwa. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hadi 1974 kompyuta zote za nchi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Zilikuwa mitambo ya kujaza chumba, yenye kuhitaji hewa ya ubaridi, wataalamu wa kigeni na fedha za kigeni. Aliyeinunua alinunua pia utegemezi, kwa maana kila kiungo chake kilitoka kwa kampuni ileile, na ilipoharibika, aliyeitwa kuitengeneza alikuwa ni yuleyule aliyeiuza. Tukumbuke pia majira yenyewe. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla, ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha nchi kununua chakula nje, na Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka saba tu. Kwa mizani hiyo, kuizuia mashine ya namna ile hakukuwa upumbavu.

Mwaka uliofuata, mashine ikabadilika. Mwezi Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani lilitangaza Altair 8800, kompyuta ndogo ya kukaa juu ya meza, iliyouzwa vipande vipande kwa chini ya dola 500 ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Ilikuwa na uwezo mdogo mno. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo jipya kisiasa, ingawa waliolibuni hawakulifikiria hivyo. Mlikuwa na nafasi tupu. Kadi yoyote yenye pini 100 zilizopangwa kwa utaratibu uliojulikana iliweza kuchomekwa humo, hata ikiwa imetengenezwa na mtu asiyewahi kukutana na kampuni iliyouza mashine.

Mfano mzuri wa kazi ya kadi hizi ni kidhibiti cha diski. Diski za wakati ule hazikuwa na akili zake zenyewe. Zilikuwa na mota ya kuzungusha sahani na kichwa cha kusoma alama za sumaku, basi. Kati ya diski na kichakataji ilihitajika saketi ya kuamuru kichwa kisogee hadi njia fulani, kisubiri kipande fulani kipite, kisha igeuze mipigo ya sumaku kuwa herufi na tarakimu. Mwaka 1978 Steve Wozniak alitengeneza kidhibiti cha diski za Apple II kwa chipu chache mno, kwa kuihamishia programu kazi iliyokuwa ikifanywa na vifaa. Apple II ilikuwa na nafasi nane za kadi. IBM PC ya 1981 ilikuwa na tano, na IBM ilichapisha michoro ya saketi zake ili wengine watengeneze vya kuchomeka humo. Haikutoka na diski ngumu. Waliotaka kuiongezea walinunua kadi na diski kwa kampuni nyingine.

Ni nani walioingia kupitia nafasi hizo? Si Wamarekani peke yao. Van Suwannukul, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa Marekani, alitaka kuandika tasnifu yake kwa hati za Kithai, na kioo cha IBM hakikuweza kuzionyesha vizuri. Akatengeneza kadi yake ya picha. Mwaka 1982 kadi hiyo iliingia sokoni kwa jina la Hercules, ikaenea duniani. Beijing nako, mhandisi Ni Guangnan alitengeneza kadi ya kuiwezesha kompyuta ya kigeni kuandika Kichina. Kampuni changa iliyoanzishwa 1984 ilianza kuiuza mwaka uliofuata, na ikachukua hata jina lake la Kichina kutokana na kadi hiyo. Ulimwengu unaijua leo kama Lenovo. Mwaka 2005 ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM. Aliyeanza kwa kuchomeka kadi kwenye nyumba ya mwenzake akaishia kuinunua nyumba.

Hakuna kati ya hao aliyetengeneza kichakataji. Walitengeneza kile tu ambacho watu wao walikihitaji, wakakiweka mahali palipoachwa wazi.

Sisi je? Sidai kwamba bila marufuku tungekuwa na Lenovo yetu. Uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya mwanzo ya 1980 ungetosha wenyewe kuzifanya kompyuta kuwa adimu. Tena, marufuku haikuzizuia zote. Taasisi na miradi iliyoweza kupata kibali maalumu iliziingiza, na masharti yakalegezwa hatua kwa hatua uchumi ulipofunguliwa. Lakini angalia nani alibaki nje. Mwenye mfadhili na barua yenye mhuri alipita. Fundi na mwanafunzi, watu ambao kwingineko ndio waliozijaza nafasi zile tupu, hawakuwa na wa kuwaandikia barua.

Na mafundi tulikuwa nao. Naandika haya nikiwa Turiani, jirani na kiwanda cha sukari cha Mtibwa, kilichokuwa cha umma miaka ile. Muwa uliokatwa hausubiri. Ukilala siku chache sukari yake hupungua. Kwa hiyo kiwanda cha sukari hakiwezi kuishi bila karakana yenye watu wa kuchonga, kuchomelea na kubuni mbadala pale kipuri kinapochelewa. Redio nazo zilifunguliwa vibarazani na kuponywa na watu ambao hawakuwahi kuingia darasa la elektroniki. Maarifa ya kufungua na kuunga yalikuwepo. Kilichokosekana ni mashine ya kufungua, katika muongo ambao mashine yenyewe ilitaka kufunguliwa.

Kosa la 1974, kwa maoni yangu, halimo katika marufuku yenyewe. Limo katika kuliacha neno "kompyuta" ndani ya sheria wakati kitu kilichoitwa kwa neno hilo kimekuwa kitu kingine. Sheria ilikusudia kuzuia utegemezi. Ikaishia kuzuia hata chombo ambacho kingeupunguza.

Nawaelekezea watumishi wa umma hoja hii kwa makusudi. Leo hatupigi marufuku. Tunanunua, na mara nyingi tunanunua mifumo iliyofungwa kuliko ile ya 1974, isiyo na mchoro wala nafasi ya mtu mwingine kuongeza chake. Kabla ya kusaini mkataba wa mfumo wowote, uliza ni wapi kijana wa Turiani anaweza kuchomeka kitu chake. Na kabla ya kutunga kanuni ya kuzuia teknolojia yoyote, andika ndani yake tarehe ya kuitazama upya, kwa sababu teknolojia haitasubiri Gazeti la Serikali.

Kujitegemea hakukuwa wazo baya. Lilihitaji tu watu wa kutazama, kila mwaka, kama mlango tulioufunga bado unaelekea kulekule.